Gari linatetemeka baada ya kubadilishiwa giaboksi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Giaboksi imebadilishwa na sasa gari linatetemeka. Je, giaboksi yenyewe ndiyo mbovu?

Mara nyingi siyo. Beringi au gia iliyoharibika ndani ya giaboksi kwa kawaida hulia kabla haijatetemesha gari: utasikia mvumo, mluzi au mkwaruzo unaobadilika kila ukibadili gia. Mtetemo unaousikia kwenye kiti, usukani au sakafu huku giaboksi iko kimya hutoka zaidi kwenye vitu vilivyofunguliwa ili giaboksi itoke. Navyo ni vingi: propela (bomba refu linalopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu, yaani gia za kwenye eksili) au draivu shafti (zinazozungusha magurudumu), mauntingi (mipira inayobeba injini na giaboksi), krosimemba (boriti iliyo chini ya giaboksi), klachi na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), toki konvata (inayounganisha injini na giaboksi ya otomatiki), ekzosi, hata matairi. Kwa hiyo usikubali giaboksi ishushwe tena kabla hujajua mtetemo unafuata nini.

Nianzie wapi kutafuta?

Anzia barabarani, kabla ya kushika spana. Swali ni moja: mtetemo unafuata kasi ya gari, mizunguko ya injini, au mzigo, yaani namna unavyokanyaga mafuta? Tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na magari. Pima upepo wa matairi, kisha endesha kilomita chache yapate joto, maana tairi lililolala mahali pamoja siku nyingi huwa na ubapa unaotetemesha gari mpaka lilainike.

1. Ongeza kasi polepole mpaka mtetemo uanze. Andika kasi, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) na gia uliyomo.
2. Baki kwenye kasi ileile lakini badili gia, kwa mfano toka ya tano uingie ya nne. Mtetemo ukibaki kama ulivyokuwa, chanzo kiko nyuma ya giaboksi: propela, difu, draivu shafti, habu, matairi. Ukihama pamoja na RPM, chanzo kiko mbele yake: injini, flaiwili, klachi au konvata.
3. Kwenye kasi ileile achia mafuta gari lishuke lenyewe, kisha kanyaga tena. Kama unakuja wakati wa kukanyaga na kutoweka ukiachia, ni suala la mzigo: mauntingi, pembe za propela, au jointi za ndani za draivu shafti.
4. Simamisha gari, weka nyutro, pandisha RPM taratibu mpaka ile uliyoiandika. Gari likitetemeka limesimama, propela na matairi hayahusiki kabisa.
5. Kwa gari la manyuo (gia za mkono), rudia hatua ya nne ukiwa umekanyaga klachi. Klachi ikikanyagwa, klachi pleti na shafti ya kuingizia ya giaboksi husimama, ila flaiwili na preshapleti (bamba linaloibana klachi pleti) huendelea kuzunguka na injini. Mtetemo ukipungua, tazama klachi pleti na shafti hiyo. Ukibaki, tazama flaiwili, preshapleti au injini yenyewe.

Usizime injini gari likiwa kwenye mwendo ili tu upate jibu. Usukani unakuwa mzito, na breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu kabla hazijawa ngumu. Kubadili gia kunatosha.

Angalizo moja kuhusu hatua ya pili. Kwenye gari lenye propela, gia ambayo uwiano wake ni 1:1 (mara nyingi ya nne kwenye giaboksi ya gia tano) huizungusha propela kwa mizunguko ileile ya injini. Ukipima kwenye gia hiyo peke yake huwezi kutenganisha injini na propela. Pima pia kwenye ya tatu au ya tano.

Nasikia mafundi wanazungumzia hezi. Zinanisaidiaje?

Hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, na kila kitu kinachozunguka kina yake. Hesabu ni nyepesi: RPM gawanya kwa 60.

Chukua gari lenye matairi ya 195/65 R15. Mzingo wa tairi ni karibu mita 2. Kwenye kilomita 100 kwa saa gari linasogea mita 27.8 kila sekunde, kwa hiyo tairi linazunguka takriban mara 14 kwa sekunde: hezi 14. Kama difu ina uwiano wa 4.1, propela inazunguka mara 4.1 zaidi ya tairi, yaani hezi 57, sawa na RPM 3,400 hivi. Jointi ya krosi (kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu propela kujikunja) yenye pembe mbaya hutikisa mara mbili kwa kila mzunguko wa propela, kwa hiyo hezi 114. Injini iliyo kwenye RPM 3,000 ina hezi 50, na kama ni ya silinda nne, milipuko yake ni hezi 100.

Mwili hutambua tofauti hizi hata bila kifaa. Hezi 10 hadi 20 unaziona kwa macho: usukani unacheza, maji ya kwenye chupa yanatikisika. Hezi 40 hadi 60 zinakuwa msisimko, nyayo zinakufa ganzi. Zikipita 100 zinageuka mvumo unaobana masikio kuliko kutikisa mwili. Dereva akisema “gari linavuma kama kuna pipa nyuma” na hakuna kinachoonekana kutikisika, anza na pembe za propela au ekzosi iliyogusa bodi.

Je, programu ya simu ya kupima mtetemo inafaa?

Inafaa ukijua ukomo wake. Programu huonyesha mitetemo hadi nusu tu ya idadi ya mara ambazo simu inasoma kwa sekunde. Ikisoma mara 100, mwisho wake ni hezi 50, na mtetemo wa hezi 57 utajitokeza mahali pengine kwenye grafu, kama hezi 43, ukakupoteza. Angalia kwenye mipangilio inasoma mara ngapi. 200 na kuendelea ndiyo inayofaa kazi hii. Ifunge simu kwa utepe wa gundi kwenye reli ya kiti au sakafu tupu. Ukiiweka juu ya kiti, sponji inameza mtetemo wote.

Gari langu ni la kusukuma nyuma (magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoliendesha) na mtetemo unafuata kasi. Propela inaweza kuwa na tatizo gani wakati haikuguswa zaidi ya kutolewa na kurudishwa?

Kutolewa na kurudishwa kunatosha. Propela hubalansiwa kiwandani, na mara nyingi inapofungwa hupangwa ili kasoro ndogo ya flenji (uso wa kufungia boliti) ya difu na kasoro ndogo ya propela zipunguzane. Fundi asipoweka alama ya rangi kabla ya kufungua, flenji yenye boliti nne inaweza kurudi katika nafasi nne tofauti. Dawa ya kwanza ni ya bure: fungua boliti za flenji ya nyuma, zungusha propela nusu duara, funga tena, jaribu barabarani. Jaribu na robo duara kama boliti zinaruhusu. Kabla ya kufunga piga brashi ya waya sehemu zote mbili za flenji. Kipande cha kutu au tope kavu kilichobanwa pale kinapindisha propela nzima, na upande wa pili wa bomba lenye urefu wa mita moja na zaidi upindo huo unaonekana.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Propela nyingi zina meno ya kutelezea katikati au mwishoni ili ziweze kurefuka na kufupika. Zikichomolewa na kurudishwa bila alama, masikio ya yoki (uma unaoshika krosi) ya mbele na ya nyuma hupishana. Kwenye shafti yenye meno 16, kukosea jino moja ni kupishana kwa nyuzi 22.5. Jointi ya krosi ikiwa na pembe huizungusha propela kwa kasi isiyo sawa, inaharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko, na kazi ya jointi ya pili ni kuifuta kasoro hiyo. Masikio yakipishana haiwezi kuifuta, na wakati mwingine inaiongeza. Lala chini ya gari na utazame propela kwa urefu wake: kwenye propela ya kawaida yenye krosi mbili, masikio ya mbele na ya nyuma ya bomba lile lile yanapaswa kuwa kwenye mstari mmoja. Propela za vipande viwili au vitatu zina mpangilio wake, na baadhi zimepishanishwa kwa makusudi na kiwanda. Hapo tafuta mishale au vitone vilivyogongwa kwenye chuma, ndivyo vinavyokutanishwa.

Ukiwa chini hapo hapo, shika propela karibu na kila jointi uisukume juu, chini na kushoto kulia. Krosi nzima haina mchezo wowote unaosikika mkononi. Unga wa rangi ya kutu kwenye vikombe vyake maana yake sindano za beringi zimekauka grisi. Krosi inayokwama ukiikunja kwa mkono, propela ikiwa mezani, nayo ni mbovu hata kama haina mchezo. Angalia pia yoki inayoingia kwenye mkia wa giaboksi: ikipanda na kushuka, bushi ya mkia imekwisha, na hilo ni jambo la kutazamwa sana kwenye giaboksi iliyotoka kwenye gari lingine. Mwisho, pitisha macho kwenye bomba kutafuta mbonyeo (jeki ikiteleza huliacha na alama) na vipande vidogo vya chuma vya balansi vilivyobanduka. Mahali pake hubaki doa la kuchomelea lisilo na kipande.

Ukiwa na saa ya kupimia (geji yenye mshale inayosoma sehemu ndogo za milimita), iweke katikati ya bomba na uzungushe propela kwa mkono. Vitabu vingi vya gari ndogo na pikapu huweka kikomo cha upindo kati ya milimita 0.5 na 1.0.

Pembe za propela zinapimwaje, na kwa nini zibadilike wakati giaboksi imerudi palepale?

Zinabadilika kwa sababu mauntingi mpya ina kimo tofauti, krosimemba imegeuzwa nyuma mbele, washa za kiwanda (vibamba vya kujaza pengo) zimepotea, au giaboksi mpya ni ya toleo lingine lenye mkia mrefu kidogo. Hakuna kati ya hayo linaloonekana kwa jicho.

Kupima unahitaji kipimo cha pembe cha kidijitali chenye sumaku, au simu iliyobanwa kwenye rula ya chuma. Gari lisimame tambarare, uzito wote ukiwa juu ya matairi. Kama ni kwenye stendi, stendi ziwe chini ya eksili. Gari lililoinuliwa kwa fremu huiacha eksili ikining’inia na namba zote zinakuwa za uongo. Pima mteremko wa vitu vitatu: giaboksi (kwenye uso wa flenji au sehemu iliyosawazishwa ya mkia), bomba la propela, na flenji ya difu. Uso wa flenji unasimama wima, kwa hiyo toa nyuzi 90 kwenye namba yake.

Mfano: giaboksi imeinama nyuma kwa nyuzi 4.0, propela 6.0, difu 4.5, zote upande mmoja. Jointi ya mbele ina 6.0 − 4.0 = 2.0. Jointi ya nyuma ina 6.0 − 4.5 = 1.5. Tofauti ni 0.5. Hapo pako sawa. Kanuni tatu za kushika:

- Pembe za jointi mbili zitofautiane kwa nyuzi 1 au chini.
- Kila jointi iwe na walau nusu nyuzi, ili sindano za krosi zizunguke na zisichimbe mahali pamoja.
- Kwa propela inayokimbia kasi ya barabara kuu, jitahidi usizidi nyuzi 3.

Kanuni hizi ni za jointi za krosi. Magari yenye jointi za CV (zinazozungusha kwa kasi sawa hata zikiwa na pembe) kwenye propela huvumilia zaidi.

Kusahihisha kunafanyika kwa kuinua au kushusha mkia wa giaboksi. Pima umbali kutoka mauntingi za injini hadi mauntingi ya giaboksi. Kama ni milimita 900, kila milimita 16 za bamba ulizoweka ni nyuzi 1 hivi. Milimita 8 ni nusu nyuzi. Weka bamba la chuma la upana kamili wa mauntingi. Washa zilizorundikwa huacha mauntingi imekaa kwenye vidole. Baada ya kuinua, hakikisha giaboksi haijagusa sakafu na leva ya gia haijabana.

Gari lenye springi za majani lina jambo la ziada: ukikanyaga mafuta eksili hujipinda na pua ya difu hunyanyuka. Ndiyo maana difu hupangwa ikiwa imeinama nyuzi 1 au 2 zaidi inapokuwa imetulia.

Gari linatikisika wakati wa kuondoka tu, kuanzia kusimama hadi kilomita 40 kwa saa hivi, kisha linatulia.

Kwenye gari lenye propela ya vipande viwili, mtuhumiwa wa kwanza ni senta beringi, ile inayoshikilia propela katikati. Mpira wake ukichanika au ukilegea, nguvu ya kuondoka inaisukuma propela juu na pembe za jointi zinabadilika kwa muda huo mfupi. Hata ikiwa mpya inaweza kufungwa vibaya: mashimo yake huwa marefu ili ibebe marekebisho. Ifunge kwa mkono kwanza, gari likiwa chini kwa uzito wake bila mzigo, iache ijipange pembe mraba na propela, ndipo ukaze. Kama kulikuwa na washa kati ya mkono wake na bodi, zirudi zote, kila moja upande wake.

Kwa gari la manyuo tofautisha hili na klachi inayoshika kwa kurukaruka. Klachi ya namna hiyo hutikisa tu wakati unaiachia. Ikishashika kabisa mtikisiko unakoma hata kama gari bado lina kasi ya kilomita 10. Mafuta au grisi juu ya klachi pleti, flaiwili yenye mabaka ya joto, au mauntingi iliyochanika ndiyo sababu za kawaida.

Gari la kusukuma mbele linatetemeka nikikanyaga mafuta kati ya kilomita 40 na 90 kwa saa. Nikiachia linatulia.

Hiyo ndiyo sura halisi ya jointi ya ndani ya draivu shafti, ile yenye roli tatu ndani ya kikombe. Ikiwa shafti ilivutwa wakati wa kutoa giaboksi, roli zinaweza kuwa zimetoka nje ya njia zake. Ikiwa ilikuwa na zaidi ya kilomita laki moja, kikombe kina vijishimo, na roli zimerudi zikakaa mahali papya ambapo hazikuwa zimezoea. Kukiwa na pembe kubwa jambo huwa baya zaidi, na pembe hiyo huongezwa na giaboksi iliyokaa juu, chini au pembeni kwa sababu ya mauntingi.

Kwa hiyo anza na mauntingi kabla ya kununua shafti. Legeza boliti zote za mauntingi za injini na giaboksi bila kuzitoa, pamoja na za krosimemba zinazohusika. Tikisa injini kwa mikono mbele na nyuma. Washa injini, ingia gia ya mbele na ya nyuma huku breki imeshikwa, zima, kisha kaza kwa mpangilio na torki (nguvu ya kukazia) ya kitabu. Mauntingi iliyokazwa ikiwa imejipinda hupitisha kila mtetemo wa injini kwenye bodi kama vile mpira haupo.

Halafu kagua haya: shafti imeingia mpaka klipu yake ikabana (ivute kwa kikombe, usiivute kwa bomba, maana utaitenganisha jointi), urefu wa shafti ni wa giaboksi hiyo, kwa kuwa magari mengi ya manyuo na ya otomatiki ya toleo lilelile yana shafti za urefu tofauti, na ile beringi ya kati inayoshikilia shafti ndefu upande mmoja imekaa kwenye mkono wake bila kulazimishwa na boliti.

Otomatiki yangu inatetemeka kama inapita juu ya matuta madogo, kwenye mwendo wa kati na mafuta kidogo.

Jaribu hivi: ukiwa kwenye mtetemo, shikilia mafuta palepale na uguse pedali ya breki kwa mguu wa kushoto, kidogo tu, taa za breki ziwake bila breki kushika. Kwenye otomatiki nyingi kugusa huko hufungua klachi ya ndani ya toki konvata. Mtetemo ukikatika papo hapo na RPM ikapanda kidogo, umepata: klachi ya konvata inateleza na kushika.

Baada ya kubadilisha giaboksi sababu ya kawaida ni mafuta. Yamewekwa ya aina nyingine, hayatoshi, au yamechanganyika na ya zamani yaliyobaki kwenye konvata na kwenye pozeo. Kina kinapimwa kwa joto lililoandikwa na mtengenezaji, na giaboksi nyingi hupimwa injini ikiwa inanguruma. Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) inataka mafuta ya CVT. ATF (mafuta ya otomatiki) ya kawaida hairuhusiwi humo hata kwa kuongezea. Badilisha mafuta yote na uendeshe kilomita mia kadhaa kabla ya kuihukumu konvata.

Injini inatetemeka hata gari likiwa limesimama, silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Kabla ya kazi haikuwa hivyo.

Kwanza ondoa yasiyo ya giaboksi. Fundi akitoa giaboksi hufungua betri, hugusa nyaya na mipira ya hewa. Injini inayomisi silinda moja hutetemesha gari lote: soma kodi za hitilafu, kagua koili, soketi na mipira ya vakyumu. Kwenye injini nyingi soketi ya kihisio cha krenki (shafti kuu ya injini) iko karibu kabisa na kengele ya giaboksi, ile sehemu pana inayoungana na injini, na hubanwa au kusahaulika. Baadhi ya injini pia zinahitaji kujifunza upya silensa baada ya betri kukatwa.

Kama injini haimisi, tazama mauntingi na ekzosi. Ingiza mkono, au kipande cha kadibodi, kati ya bomba la ekzosi na kila kitu kilicho karibu nalo. Bomba hurefuka likipata moto, kwa hiyo pengo la milimita mbili likiwa baridi huwa halipo barabarani.

Baada ya hapo ndipo inakuja flaiwili. Preshapleti iliyozungushwa boliti moja mbali na alama yake, au iliyofungwa bila pini zake, huweza kuvuruga balansi. Flaiwili ya tabaka mbili iliyochoka hugonga wakati wa kuwasha na kuzima. Injini nyingine hubalansiwa kwa uzito ulio kwenye flaiwili yenyewe, na kubadili aina ya flaiwili huleta mtetemo unaopanda na RPM kwenye gia zote na hata nyutro. Mfano unaojulikana sana ni Ford V8 ya inchi za ujazo 302: za awali zilitumia uzito wa balansi wa aunsi-inchi 28, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikahamia 50. Flaiwili zake zinafungika kwenye injini zote mbili, lakini haziingiliani.

Matairi yanahusikaje? Hayakuguswa.

Yaliguswa kama draivu shafti zilitoka. Kipande cha kutu kati ya rimu na habu kinatosha. Toa magurudumu, safisha nyuso zote mbili, kaza nati kwa mpangilio wa nyota na kwa torki ya kitabu. Usimalizie kwa mashine ya upepo. Kisha hamisha ya mbele kwenda nyuma: mtetemo ukihama nao, umemaliza kazi.

Ni gari la magurudumu manne. Kuna cha ziada?

Propela mbili badala ya moja, na ya mbele husahaulika. Pale inapowezekana, toa propela ya mbele na uendeshe kwa nyuma peke yake; mtetemo ukiondoka, umeshajua upande. Njia hii ni ya magari yenye leva ya kuchagua 4x4. Yale ya 4x4 ya kudumu yanaweza kukataa kwenda au kuumiza difu ya kati, soma kitabu kwanza. Na hakikisha gari halijabaki kwenye 4H (4x4 ya kasi ya juu) juu ya lami, kwa sababu mfumo unajibana na kutikisika kwenye kona hata kama kila kitu ni kizima.

Naweza kuibalansi propela mwenyewe?

Ipo njia ya klempu za mpira wa maji, na inafanya kazi kwa kasoro ndogo. Gawa mzingo wa bomba sehemu nne karibu na mwisho wa nyuma, uzipe namba 1 hadi 4. Funga klempu mbili, vichwa vyote vikiwa kwenye namba 1, jaribu. Nenda 2, 3, 4. Namba yenye nafuu zaidi ndiyo upande mwepesi. Hapo tenganisha vichwa viwili kidogo kidogo, kimoja kushoto na kingine kulia kwa kipimo sawa, mpaka mtetemo uwe mdogo kabisa. Hakikisha vichwa havigusi bodi wala mipira ya breki.

Jaribio lifanyike barabarani. Ukilifanya kwenye stendi, ziwe chini ya eksili, gari lifungwe vizuri, na asiwepo mtu chini wala pembeni ya propela inayozunguka. Kumbuka difu ya kawaida: gurudumu moja likishikwa, la pili huzunguka mara mbili ya kasi iliyo kwenye dashibodi.

Klempu haziponyi krosi iliyokufa, bomba lililopinda wala pembe mbaya.

Fundi anasema nitembee nalo tu, litajizoesha. Kweli?

Mafuta mapya ya otomatiki na kompyuta inayojifunza kubadili gia ndivyo pekee vinavyoboreka kwa kutembea. Chuma kilichofungwa vibaya hakijipangi. Mtetemo wa propela hula sili ya mkia wa giaboksi, sili ya difu na beringi zake, na hulegeza boliti.

Acha kuendesha mara moja ukisikia mgongano wa chuma wakati wa kukanyaga na kuachia mafuta, mtetemo ukiongezeka siku hadi siku, au ukiona mafuta mapya kwenye mkia wa giaboksi. Propela ikikatika mbele huchimba lami na inaweza kuinua gari.

Kila kitu kimepimwa na bado mtetemo uko palepale. Ni lini giaboksi ishushwe?

Wakati mtetemo unafuata RPM, upo hata gari limesimama, injini haimisi, na mauntingi na ekzosi ni safi. Au wakati unakuja kwenye gia moja au mbili tu zenye kelele, hapo sasa ni ndani ya giaboksi.

Kabla ya kushusha otomatiki, ondoa kifuniko cha chini na uzungushe injini kwa spana huku ukimulika fleksipleti, lile bapa jembamba linaloshika konvata. Nyufa hukaa kuzunguka boliti za katikati na hugonga kama injini iliyokwisha. Kaza boliti za konvata, na uhakikishe ni zenyewe. Ndefu kupita kiasi huibonyeza konvata.

Ikishashuka, tafuta vitu hivi kwa mpangilio. Pini mbili za mwongozo kati ya injini na kengele: mara nyingi moja imebaki kwenye giaboksi ya zamani. Bila pini, boliti peke yake hazishikilii kituo, na shafti ya kuingizia inakaa kando ya krenki. Wajenga injini wengi hawakubali zaidi ya milimita 0.13 kati ya vituo viwili, ambayo saa ya kupimia huisoma kama 0.25 ikizungushwa duara zima. Uchafu au waya uliobanwa kati ya nyuso mbili. Beringi ndogo iliyo katikati ya krenki, kama gari lina hiyo: ni kavu, haipo, au ni ya kipimo kingine. Klachi pleti iliyogeuzwa, ambayo huacha mikwaruzo kwenye vichwa vya boliti za flaiwili.

Kwa otomatiki, wakati wa kurudisha, konvata iingie mpaka mwisho ndani ya pampu kabla kengele haijagusana na injini. Kwa kawaida unasikia ikidondoka hatua mbili au tatu ukiizungusha. Kengele na injini vinapaswa kukutana kwa mkono. Kukibaki pengo usilivute kwa boliti, utavunja pampu ya giaboksi. Vikikutana, konvata inapaswa bado kuzunguka kwa kidole na kuwa na nafasi ya milimita chache kabla ya kufika kwenye fleksipleti. Ikiwa haisogei, iteremshe tena.